Maswali Yenu: Miguu hupata wapi mapigo yake?

SWALI: Ndugu mhariri, kuku aliyekatwa kichwa hupiga mbawa na kutupa miguu kwa mpangilio. Ubongo haupo tena. Nani anaongoza mwendo huo?

JIBU: Ni ugwe wa neva uliomo ndani ya uti wa mgongo. Una mitandao ya niuroni, yaani seli za neva, inayozalisha mapigo ya mwendo bila kungoja amri ya kila hatua. Mwaka 1911 mtafiti Thomas Graham Brown alilithibitisha hilo kwa paka. Alikata ugwe, akakata na neva zinazoleta hisia kutoka miguuni, lakini misuli ya kukunja na ya kunyoosha mguu iliendelea kupokezana.

Anayetufundisha zaidi ni lamprei, samaki mrefu kama mkunga, asiye na taya. Ugwe wake ukitolewa na kulazwa katika maji ya chumvi yenye oksijeni na glutamati, kemikali inayoamsha niuroni, hutoa mapigo ya kuogelea kwa saa nyingi, ingawa hakuna msuli wa kuuitikia. Seli za kushoto zikifyatua, yaani zikituma ishara za umeme, huzinyamazisha za kulia kwa glaisini, kemikali inayozuia niuroni. Kalsiamu iliyoingia wakati wa kufyatua hufungua milango ya potasiamu, seli za kushoto zinapoa, na zamu inahamia kulia. Ukizuia glaisini kwa sumu ya strikinini, pande zote mbili hufyatua kwa pamoja: mapigo yapo, kupokezana hakuna, na bila kupokezana samaki haogelei.

Kazi ya ubongo ni kuanzisha mwendo, kuupa kasi na kuuelekeza. Mwaka 1966 watafiti Shik, Severin na Orlovsky walichochea kwa umeme sehemu ya ubongo wa kati wa paka, naye akatembea juu ya mkanda unaozunguka. Umeme ulipoongezwa alikwenda mchakamchaka, kisha mbio kali. Sehemu ileile, gia tofauti!

SWALI: Je, mawimbi ya thita ndiyo yanayosogeza miguu ya panya anapokimbia?

JIBU: Hapana. Thita ni mawimbi ya umeme ya hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu. Mapigo yake, kama 6 hadi 10 kwa sekunde, huongezeka panya anapotembea, lakini huonekana pia katika usingizi wa ndoto, misuli ikiwa imelegea kabisa. Huhusika zaidi na kupanga zamu za seli zinazotambua mahali. Mawimbi ya beta ya gamba la mwendo, sehemu ya juu ya ubongo inayoongoza viungo, 13 hadi 30 kwa sekunde, huenda kinyume: hufifia kabla ya kiungo kusogea na kurudi kwa nguvu kikishatulia.

Anayerekodi mawimbi haya kwa elektrodi, waya mwembamba unaoingizwa katika ubongo, ajihadhari na mtikisiko wa waya. Hatua za panya nazo ni kadhaa kwa sekunde, hivyo waya unaocheza huweza kuchora wimbi linalofanana na thita. Bandika kipima-mtikisiko kichwani, kisha rekodi katika vina kadhaa. Thita ya kweli hugeuka polepole kadiri elektrodi inavyoshuka chini ya tabaka la seli za piramidi, niuroni kuu za hipokampasi, hadi kilele kinakuwa bonde. Kelele ya waya hubaki vilevile kila kina.