Jibu: Kitamu cha friza kwa Siku ya Wapendanao, bila oveni

Dada, kwa kuwa huna oveni na unataka kumfurahisha mumeo Februari 14, mtengenezee ndizi za chokoleti na korosho. Karanga ziache, tuko Mtwara bwana, korosho ndiyo fahari yetu! Kata ndizi mbivu zisizolegea, chomeka vijiti, zigandishe usiku kucha. Yeyusha chokoleti kwenye bakuli kavu juu ya sufuria ya maji moto, na kijiko cha mafuta ya nazi. Hapo uwe makini sana: matone ya maji yakiingia, chokoleti inakuwa nzito yenye chengachenga. Chovya ndizi, kisha papo hapo nyunyizia korosho zilizokaangwa na kupondwa, maana ganda la chokoleti linakauka upesi mno. Zirudishe kwenye friza, uzitoe mkishamaliza chakula cha usiku.