Mmeuliza kuhusu mbuga za dinosaria

Wiki hii ni Jurassic World Evolution tu, zile gemu za kujenga na kuendesha mbuga ya dinosaria, ya kwanza ya 2018, ya pili ya 2021 na hii ya tatu ya 2025.

T. rex wangu, yule dinosaria mlanyama mkubwa, anavunja uzio kila mara, nimeweka wa umeme mzito kabisa bado anatoka. Nifanyeje?

Jamani hili swali linarudi vilevile kila siku, mtu anataja uzio tu, mnyama anaishije hasemi! Mbofye huyo T. rex uangalie kipimo cha raha yake, kikishuka ataanza kugonga uzio na huo mzito unamchelewesha tu. Ana eneo la kutosha? Maji? Chakula? Umemweka na nani humo ndani? Hata Struthiomimus, yule mdogo unayeanza naye kwenye gemu ya kwanza, ukimfungia peke yake bila wenzake atatoroka. Mnachofanya wengi ni kumpiga sindano ya usingizi toka kwenye helikopta, mnamrudisha kwenye banda lilelile lililomkera, halafu mnaniandikia mimi.

Lazima nicheze ya kwanza kabla ya ya pili?

Hapana.

Pesa zinaniishia mapema sana.

Kwa sababu umekimbilia walanyama. Anza na walamajani, jenga sehemu za kutazamia pale wageni watawaona vizuri, maduka fungua mojamoja ukiangalia kama yanaingiza faida, na bakiza akiba maana dhoruba ikipiga matengenezo hayakusubiri. Na vifurushi vya nyongeza usinunue kwanza, kama banda moja limekushinda dinosaria wapya hawatakusaidia.

Kwenye ya pili wanasayansi wangu wameniharibia mbuga, ni hitilafu ya gemu?

Sio hitilafu. Wamechoka, umewapa kazi juu ya kazi bila kuwapumzisha, na wakinuna wanahujumu. Wapumzishe.

Velociraptor wa kweli, yule dinosaria mlanyama, alikuwa mkubwa kama wa kwenye gemu?

Wala. Alikuwa saizi ya bata mzinga na alikuwa na manyoya kama ya ndege, mwaka 2007 wanasayansi walieleza alama za mizizi ya manyoya kwenye mfupa wa mkono wa mmoja aliyepatikana Mongolia. Gemu nzuri sana ila msimfundishie mtoto biolojia kwa hiyo.

Ya tatu ina madume na majike, nizalishe haraka?

Usithubutu kabla hujapanua banda. Watoto wanakua, wakikua wanataka eneo lao, na banda likiwabana tutarudi kwenye swali la kwanza.