Parvo imeua mtoto wa mbwa: kabla hujaleta mwingine

Msomaji ameniandikia: mtoto wake wa mbwa amekufa kwa parvo, ugonjwa wa kirusi unaotapisha na kuharisha mbwa, banda ameshaliosha kwa sabuni na Dettol, na jirani ana watoto wa mbwa wa wiki saba, anataka kumpa mmoja. Amchukue?

Asimchukue. Bado.

Kirusi cha parvo hakina utando wa mafuta ambao sabuni huuvunja. Sabuni itaondoa uchafu, kirusi kitabaki, na Dettol nayo haitegemewi hapa. Klorini ndiyo inayokiua. Ndani ya nyumba kirusi hudumu mwezi na zaidi; kwenye udongo wa kivulini, miezi saba au hata zaidi.

Anza kwa kuchoma gunia na blanketi alilolalia. Bakuli la plastiki lililokwaruzika litupe. Banda la mbao lisilopakwa rangi hunyonya kila kitu, kwa hiyo ni bora nalo lichomwe, hata kama fundi alikulipisha vizuri. Sakafu ya saruji ikwangue kinyesi na matapishi yote, sugua kwa brashi na sabuni, suuza, acha ikauke. Ndipo ulete Jik, dawa ya klorini ya kung'arisha nguo. Soma asilimia ya klorini kwenye chupa: ikiwa ni 3.5, tia mililita 250 kwenye ndoo, ongeza maji baridi hadi lita 5. Mwaga, na sakafu ibaki chapachapa kwa dakika 10 nzima.

Wengi huharibu hapo. Wanamwaga Jik juu ya kinyesi, klorini inaishia kupambana na uchafu. Au wanapiga deki papo hapo. Au wanatumia mchanganyiko wa jana, ulioishiwa nguvu. Wengine huichanganya na dawa ya choo au siki; gesi inayotoka huumiza mapafu, tena yako wewe.

Udongo wa uani hausafishiki kwa Jik. Okota vinyesi, fyeka majani jua lifike chini, chimbua tabaka la juu pale mgonjwa alipokuwa akilala. Baada ya hapo, bado uhesabu uwanja huo una parvo kwa mwaka mzima.

Ndiyo maana kinga ya mbwa anayekuja ina uzito kuliko ndoo zako zote. Mbwa mkubwa aliyekamilisha chanjo anaweza kuingia mara tu usafi ukiisha. Mtoto huanza chanjo akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne, na ya mwisho lazima iangukie wiki ya 16 au baadaye. Kinga aliyopewa na mama huizima chanjo, kisha hupungua, na kuna siku ambazo haitoshi kuzuia ugonjwa ila inatosha kuiharibu chanjo. "Ameshachomwa moja" si kinga, jamani.

Kadi ya kichaa cha mbwa nayo si kadi ya parvo. Tafuta stika za chupa za chanjo zilizobandikwa, zenye tarehe. Chanjo hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikitoka mfukoni mwa mtu badala ya friji au boksi la barafu, kataa. Ni haki yako kuuliza.

Kwa hiyo mtoto huyo abaki kwa jirani hadi wiki mbili baada ya chanjo ya mwisho, mchangie gharama. Na usiende kumtazama na viatu unavyovaa uani kwako, maana utawapelekea parvo wote.

Akishafika, mchunge kwa siku 14. Akikataa chakula au akitapika, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, usisubiri kuhara damu. Mtajie tarehe ya chanjo ya mwisho: ikiwa ni ya siku chache zilizopita, kipimo cha kinyesi kinaweza kuonyesha mstari hafifu wa parvo unaotokana na chanjo yenyewe.