Bleza juu ya kanzu, nifunge vifungo vyote?

SWALI: Shikamoo dada, mi niko Kampala, nimeokota bleza ya bluu pale soko la Owino, Jumamosi namsindikiza rafiki kwenye kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kujitambulisha ukweni) na tunavaa kanzu, sasa vifungo viwili vyote nifunge? Halafu nyuma kuna uzi mweupe umeshonwa kama X, nao ni fasheni?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huo uzi kata leo leo! Unawekwa ili mpasuo wa nyuma usijikunje ikiwa bado dukani, sio urembo, nimeona watu wazima wanatembea nao mjini hadi naona haya mimi. Kifungo funga cha juu tu, cha chini hakifungwi, na ukikaa fungua maana koti linajikunja tumboni. Ila juu ya kanzu wengi huliacha wazi na ndo vizuri, ile nakshi ya maruni kifuani ionekane, ukiifunika umeivalia nini sasa? Cha kuangalia sana ni mabega, mshono uishie pale bega lako linapoishia, mikono fundi cherehani atapunguza fasta lakini mabega we acha, hayarekebishiki kirahisi. Na pasi usiliguse moja kwa moja, tandika kitambaa chenye unyevu, la sivyo litang'aa kama sufuria.