Kwa nini uvamizi wa Normandy uliahirishwa kwa siku moja tu

Ndugu muuliza swali, ungependa kujua kwa nini uvamizi wa Normandy, yaani kushuka kwa majeshi ya Washirika katika pwani ya Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, uliotayarishwa kwa zaidi ya mwaka mzima, haukuweza kusubiri wiki mbili hadi bahari itulie. Wapangaji walihitaji maji yawe yamekupwa alfajiri, ili vizuizi ambavyo Wajerumani walivisimika ufukweni vionekane na kulipuliwa kabla maji hayajajaa, na walihitaji pia mbalamwezi kwa ajili ya askari wa miavuli. Mambo hayo yalikutana tarehe 5, 6 na 7 Juni 1944; kwetu pwani tungesema ni majira ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kwa kuwa mwezi ulikuwa mpevu.

Uvamizi ulipangwa kufanyika tarehe 5, lakini hali ya hewa ya siku hiyo ilichafuka; ndipo mtaalamu wa hali ya hewa James Stagg alipomweleza Jenerali Eisenhower, kamanda mkuu wa Washirika, kwamba kungekuwa na utulivu mfupi, naye akaamuru uvamizi ufanyike tarehe 6. Maji ya kufaa yangerudi karibu na tarehe 19 bila mbalamwezi, na siku hiyo ndipo ilipozuka dhoruba iliyoivunja bandari ya kuundwa ya Wamarekani huko Omaha, mojawapo ya fukwe za uvamizi huo. Nahuzunika kuwawazia wanajeshi wale wapatao 132,000 waliofika kwa meli tarehe 6 wakivuka katika mawimbi.