Ile S na M kwenye gia ya oto ni ya nini? Maswali yenu ya wiki hii

Wiki iliyopita niligusia kidogo tu habari ya kushuka mlima na gari ya oto, kumbe nimechokoza nyuki, maswali yamemiminika na karibu yote yanazunguka palepale kwenye S, M, vile vialama vya kujumlisha na kutoa, na kile kibatani cha O/D (overdrive, yaani gia ya juu ya mwendo mrefu). Nimechagua haya, mengine yanafanana.

Wa Kimara: Bro nina Toyota ya gia sita, pembeni ya D kuna S. Nikiweka S gari inakuwa na nguvu zaidi? Maana naisikia kabisa inanguruma.

Nguvu ni ileile ndugu yangu, injini haiongezewi hata farasi mmoja. Kinachobadilika ni kwamba giaboksi inakaa kwenye gia nzito (ya chini) muda mrefu zaidi kabla ya kupandisha, kwa hiyo mshale wa RPM (raundi za injini kwa dakika) unakuwa juu, na injini ikiwa juu ndo unapoipata nguvu yake haraka ukikanyaga. Huo mngurumo ndo unaokudanganya.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui. Toyota nyingi S yake siyo ya spoti kama mnavyodhani. Chukulia Prado 150, ukivuta S ikakuandikia 4, haina maana uko gia ya nne, maana yake ni "usivuke ya nne". Yenyewe itaendelea kubadilisha moja, mbili, tatu, nne kama kawaida ila ya tano haigusi. Sasa jamaa anaona S4 anasema niko gia ya nne, anakanyaga, gari inaruka kwa sababu imeshuka mpaka ya pili bila kumwambia. Gari zenye M (manual, unachagua gia mwenyewe) mara nyingi ndo zinashikilia gia uliyochagua kweli. Unataka kujua ya kwako ni ipi? Tafuta barabara tupu, weka S ukiwa umesimama, ongeza kwa alama ya + mpaka isome 4, ondoka taratibu na usikilize. Ukisikia gia zinabadilika na namba imeganda palepale kwenye 4, hicho ni kikomo tu. Ikikugomea kuongeza namba ukiwa umesimama, au ukiondoka inakaa kwenye 1 mpaka uipandishe mwenyewe, basi hiyo inashika gia.

Dada wa Tegeta: Naweza kutoa D kwenda S gari ikiwa inatembea au mpaka nisimame? Naogopa kuua giaboksi.

Unaweza dada, hata ukiwa 80, huna haja ya kukanyaga breki wala kuachia mafuta. Na ukiomba gia ambayo ingepeleka injini kwenye mstari mwekundu, kompyuta inakukatalia, gari zingine zinapiga kamlio fulani kama kakukaripia. Cha kuogopa ni R (ya kurudi nyuma) na P (ya kuegesha) gari ikiwa inatembea. Hapo ndo utajuana na fundi.

Wa Moshi: Mazda yangu nikisukuma mbele inashusha gia, nikivuta nyuma inapandisha. Ya shemeji yangu Toyota ni kinyume. Ya kwangu imefungwa vibaya?

Hapana, Mazda ndo zao, na BMW nyingi pia ziko hivyo. Hoja yao ni kwamba ukifunga breki mwili unaenda mbele, na hapo ndo unashusha gia, ukiongeza mwendo mwili unarudi nyuma, ndo unapandisha. Mimi naona wako sahihi lakini kila nikiendesha Toyota baada ya Mazda nakosea mara tatu za kwanza. Kama unaazima gari ya shemeji angalia alama kwanza kabla hujaingia barabarani.

Wa Tanga: Kaka naenda msibani Lushoto na IST, haina S wala M. Nashukaje ule mlima? Watu wananitisha.

Hili nitalijibu kwa kirefu maana limenikuta.

Miaka hiyo ndo nimenunua gari ya kwanza, oto, na mimi nilikuwa naamini D ndo mwanzo na mwisho. Nikapanda Lushoto vizuri tu, mandhari safi, hewa safi, siku ya tatu naanza kushuka kuelekea Mombo. Ile barabara ni kama kilomita 33 za kona juu ya kona, ukuta upande mmoja, korongo upande mwingine. Mimi niko D, mguu kwenye breki. Kona, breki. Kona, breki. Nikaanza kusikia harufu kama ya nyaya zinaungua, nikajua ni lori la mbele. Lori likaingia pembeni, harufu ikabaki. Kabla ya kufika Soni nakanyaga pedeli naona inazama, inaenda chini zaidi kuliko kawaida, na gari haisimami vile nilivyozoea. Jamani, mgongo ulilowa jasho na kule kuna baridi. Nikaiokoa kwenye kipande kilicholala, nikavuta handbreki, natoka nje magurudumu ya mbele yanatoa moshi.

Vijana wakaja mbio na ndoo ya maji. Mzee mmoja dereva wa Noah za abiria akawafokea wasithubutu, disiki ya moto ukiimwagia maji inapinda. Akaniuliza, "Umeshuka na gia gani kijana?" Nikamwambia D. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Mlima unashuka na gia uliyopandia." Akaniambia nikae nusu saa mpaka zipoe zenyewe, na nikitoka hapo nisiguse D mpaka nione Mombo.

Sasa IST yako, zile za mwanzo za gia nne, hiki ndicho unachofanya. Kwenye mkono wa gia kuna kibatani pembeni, ukikibonyeza kwenye dashibodi inawaka O/D OFF, hapo umeizuia gari isiende gia ya nne. Hiyo inatosha mteremko wa kawaida. Ukianza kona za Soni vuta iende 2, itanguruma, mshale utapanda 3000 au zaidi kidogo, iache ingurume, haiumii. L, ile ya chini kabisa, ni kwa pale penye mteremko mkali kabisa na unatembea taratibu. La muhimu: weka gia kabla mteremko haujaanza, usisubiri gari imeshakolea ndo unakumbuka. Breki unaikanyaga kwa nguvu kidogo, mwendo ukishuka unaachia zipate upepo, unakanyaga tena. Usiilalie mguu mwanzo mpaka mwisho kama mimi.

Kama ni CVT (giaboksi ya mkanda isiyo na gia za kawaida), tafuta B au S au L kwenye mkono wa gia, kazi ni hiyohiyo. Yenye M, weka ya pili au ya tatu. Na wale wa kwenda Iringa, Kitonga wakati wa kurudi ni somo lilelile, tofauti ni kwamba pale unashuka katikati ya semi tela na wao wenyewe wako kwenye gia nzito wanatambaa, kaa nyuma yao uvumilie, usipaparike.

Pole kwa msiba.

Wa Dodoma: Lakini si itakula mafuta kushuka na gia nzito? Mimi huwa naweka frii (N) nashuka bure.

Yaani hapa ndo watu wanapojidanganya kweli kweli. Gari ya injekta ukiwa kwenye gia na umeachia pedeli ya mafuta huku mlima unaisukuma, kompyuta inafunga injekta, injini inazungushwa na magurudumu na haichomi kitu. Mshale uko 3000, mafuta sifuri. Ukiweka frii, injini imeachana na magurudumu, inabidi ichome mafuta ili isizimike. Kwa hiyo wewe wa frii ndo unalipa, tena umebaki na breki peke yake. Acha hiyo tabia mzee.

Ila kwenye tambarare ni kweli S inakula. Ya kwangu nikiwa 100 kwenye D mshale uko karibu na 2000, nikiweka S ikakaa gia mbili chini unapanda juu ya 3000. Hamna mtu anakupa hizo raundi bure.

Wa Chalinze: Kuovateki semi nitumie S au nikanyage tu mpaka mwisho?

Ukiikanyaga mpaka mwisho kwenye D, gari inafikiria kwanza. Inashusha gia mbili au tatu, inachukua kama sekunde hivi, na ile sekunde ukiwa upande wa wenzako na basi linakuja ni ndefu kuliko ibada ya Ijumaa. Mimi nakaa nyuma ya semi kwa nafasi, nje kidogo nione mbele, naweka S na kushusha gia mbili nikiwa bado kwenye laini yangu, injini imeshaamka, mbele kukiwa kweupe natoka na gari inaitikia palepale. Nikirudi laini yangu naiweka D. Kukiwa na mstari usiokatika usitoke, hata ungekuwa na gia kumi. Na ukiingia kijijini ni 50, S haikuondolei tochi.

Wa Mbeya: Yangu ni CVT ila ina pado (vile vibawa vya kubadilishia gia) kwenye usukani na inasoma gia saba. CVT si haina gia?

Haina. Ndani kuna mkanda wa chuma na puli mbili zinazotanuka na kubana, hizo saba ni vituo ambavyo kompyuta imejipangia ili ujisikie unaendesha. Tumia mteremkoni, zinasaidia kweli. Ila usiifanyie mashindano kila siku, CVT haipendi joto, na tafadhali sana usikubali fundi akuwekee ATF (oili ya giaboksi za oto) ya kawaida eti oili ni oili. CVT ina oili yake, imeandikwa kwenye kitabu au kwenye dipstiki.

Wa Ukonga: Taa ya O/D OFF inawaka yenyewe, nimebonyeza haizimi.

Inawaka imetulia au inapepesa? Ikitulia, kuna mtu kabonyeza, au kibatani kimekufa, jambo dogo. Ikipepesa kwenye Toyota, kompyuta ya giaboksi imeona hitilafu na imeandika kodi (namba ya hilo kosa). Nenda kaipime kwa mashine kabla hujanunua spea yoyote, na ukikuta fundi anataka kushusha giaboksi bila kuisoma kodi, chukua ufunguo wako uondoke.

Wa Kigamboni: Kuna kitufe kimeandikwa SNOW, Dar theluji itoke wapi, nikikate?

Hahaha, usikikate. Kinaifanya gari iondoke na gia ya pili badala ya kwanza ili matairi yasizunguke bure. Masika ikifika ukakwama kwenye tope la mtaani kwenu, kibonyeze, kanyaga mafuta kidogo kama unakanyaga yai. Ukishatoka kizime, maana ukiendelea nacho kwenye lami utanitumia swali lingine wiki ijayo kwamba gari imekuwa nzito kuondoka.