Ripoti za Metabase zinalemea mfumo wa mauzo na jumla hazilingani: nianzie wapi?

Swali: Kampuni yetu ina vituo vinne vya mafuta vinavyouza usiku na mchana, na mauzo yote huingia katika kanzidata ya PostgreSQL. Nimesakinisha Metabase, programu ya kutengeneza ripoti na dashibodi, ili mameneja wapate ripoti wenyewe. Kila Jumatatu asubuhi mfumo wa mauzo huwa mzito, tena jumla ya mwezi haifanani na ya mhasibu. Nifanyeje?

Jibu: Una matatizo mawili, na la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu meneja akishaona jumla mbili za mwezi mmoja hataiamini tena ripoti yoyote utakayompelekea.

Kuhusu uzito, kila kisanduku kwenye dashibodi hutuma swali lake kwenye kanzidata. Mameneja wanne wakifungua kwa pamoja dashibodi yenye visanduku 15, maswali 60 yanaiendea kanzidata ileile ambayo mhudumu wa pampu anaisubiri impe risiti. Weka nakala ya kusoma tu kwenye seva nyingine, ambayo PostgreSQL yenyewe huilisha mabadiliko, kisha uielekeze Metabase huko kwa akaunti yake maalumu yenye ruhusa ya kusoma peke yake na `statement_timeout` (kikomo cha muda wa swali moja) ya sekunde 60 hivi. Nakala hiyo haikubali kuandikwa chochote, kwa hiyo akaunti hiyo uitengeneze kwenye kanzidata kuu, nayo itafika kwenye nakala yenyewe.

Kuhusu jumla, angalia kwanza saa. Ikiwa muda wa mauzo umehifadhiwa kwa saa za kimataifa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa tatu, lita zilizouzwa saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai zimeandikwa 22:30 ya tarehe 30 Juni. Kila kilichouzwa kati ya saa sita na saa tisa usiku kinaangukia siku iliyopita, na mwisho wa mwezi kinaangukia mwezi uliopita. Katika mipangilio ya Metabase chagua saa za ripoti kuwa `Africa/Dar_es_Salaam`, lakini hakikisha safu ya muda ni ya aina ya `timestamptz`, yaani muda unaobeba ukanda wa saa, kwani isiyobeba ukanda wa saa haitageuzwa.

Kisha kaa na mhasibu mwandike maana moja ya neno "mauzo": je, miamala iliyofutwa imo, na mafuta ya mkopo huhesabiwa siku yalipotolewa au siku yalipolipwa? Maana hiyo uiweke katika mwonekano (view, yaani swali lililohifadhiwa linalosomwa kama jedwali) mmoja ndani ya kanzidata kuu, na mameneja waone mwonekano huo, si majedwali ghafi.

Usisahau kwamba Metabase huja na kanzidata yake ndogo ya H2, inayotunza dashibodi na watumiaji, ambayo haifai kwa kazi halisi. Ihamishie PostgreSQL mapema. Vilevile, punguza ruhusa za kundi la watumiaji wote kabla ya kuunda makundi ya vituo, kwa kuwa ruhusa hujumlishwa na iliyo pana ndiyo hushinda.

Kabla ya kuwarudishia mameneja dashibodi, chukua mwezi mmoja uliokwisha kufungwa na uulinganishe na vitabu vya mhasibu siku kwa siku, kituo kwa kituo.